Upawa Mmoja na Vifuu Thelathini na Kimoja

Ilikuwa Jumatano, saa tano na robo ya asubuhi, siku ya tisa ya kulima. Nasema saa tano na robo. Sisemi "kama saa tano hivi", wala sisemi "mchana mchana". Ujima wa wanyama ulianza Jumatatu ya juma lililotangulia. Ijumaa hawakulima, kwa kuwa Ijumaa jembe hupumzika. Hesabuni kwa vidole vyenu, mtafika siku ya tisa, nayo ni Jumatano. Na saa yenyewe ilionekana kwa kivuli cha kichuguu kilichokuwa kando ya shamba: kilibakiwa na robo tatu za saa kabla ya kujikunja miguuni pake.

Lakini mbona hamkuitikia? Nimeingia bila hodi, nanyi mmeniacha niingie tu. Tuanze upya.

Chungu!

— Kipo jikoni!

Kina nini?

— Funua tuone!

Na asiyeweza kula?

— Apewe nafasi aseme!

Vyema. Kumbe mnajua. Basi kaeni.

Palikuwa na njaa. Misimu miwili ilipita bila mvua, ghala za wanyama zikabaki na vumbi na panya, na hao panya nao wakahama. Wanyama wakakusanya masalio yao mahali pamoja, wakakubaliana kulima shamba moja kwa ujima na kula kutoka chungu kimoja mpaka mavuno. Desturi ya chungu hicho iliwekwa na mababu, na kila mnyama aliijua kwa moyo. Anayelima ngwe moja, yaani kipande kimoja kilichopimwa kwa kamba, anapata kifuu kimoja cha chakula. Asiyetaka kifuu chake halazimishwi, wala haulizwi sababu. Kifuu hicho kinamwendea msimamizi, kwa maana wakati wa njaa chakula hakimwagwi. Lakini msimamizi anakila palepale, mbele ya waliolima, kabla jua halijasimama utosini, asije akabeba jasho la watu kwenda nalo kwake. Na kila anayekula anageuza kifuu chini juu na kusema kwa sauti ya kusikika: "Nimekula, nimemaliza, jembe lishukuriwe." Msimamizi anayeshindwa kusema hivyo anaurudisha upawa, naye anakwenda kulima kama wengine.

Hiyo ya mwisho ilikuwa haijatumika hata mara moja, kwa sababu msimamizi alikuwa Nyani Dume. Nani aliwahi kumwona Nyani akishindwa kula? Mabega yake yalikuwa mapana kama mlango wa zizi, na ndani ya mashavu yake mlikuwa na mifuko miwili ya kuwekea akiba. Kifuu chake mwenyewe alikuwa akikimaliza kabla chungu hakijaepuliwa, na tendo hilo aliliita kuonja.

Miongoni mwa waliolima alikuwamo Sange. Kwa asiyemjua, Sange ni mnyama mdogo, hatoshi kujaza kiganja, mwenye miguu myembamba na pua ndefu isiyotulia: fnyu, fnyu, fnyu. Alikuwa na watoto wawili wachanga chini ya gogo, wanaonyonya. Na alikuwa na jambo moja ambalo hakulichagua: karanga zilikuwa zikimdhuru. Akila karanga moja midomo inavimba, koo linaziba, pumzi inapita kwa filimbi: hiii, hiii. Mama yake alikufa hivyo, na bibi yake aliponea chupuchupu. Hayo hayakuwa maringo.

Siku ya kwanza, ku! ku! ku!, wakalima. Nyani akapika ugali wa mtama na mboga ya majani, na ndani ya mboga akatia karanga zilizotwangwa, twa! twa! twa! Sange akanusa, akarudi nyuma hatua tatu.

"Bwana Msimamizi, shikamoo. Mimi karanga zinanidhuru. Naomba unipe ugali mtupu."

"Zinakudhuru? Karanga?" Nyani akacheka mpaka upawa ukamtoka mkononi. "Karanga ni nyama ya maskini, mama wewe! Kidogo tu, haziui."

"Kidogo ndicho kinachoniua, Bwana."

"Haya, kula ugali wako. Hiyo mboga nipe mimi, isije ikaharibika."

Akaila. Akageuza kifuu. Akashukuru jembe. Kisha akajilamba vidole, na alipofika kidole cha nne, akapata wazo. Mlafi hukosa mengi, lakini wazo la namna hiyo halimpiti.

Siku ya pili karanga zikawamo katika mboga na katika ugali. Siku ya tatu zikawamo katika mboga, katika ugali na katika uji. Siku ya nne hata maji ya kunywa yalikorogwa kwa upawa uliotoka katika chungu cha karanga. Kila siku Sange alilima ngwe yake, akanusa kifuu chake, akakiacha. Kila siku Nyani alikila, akakigeuza, akashukuru jembe.

Na wale wengine walisema nini? Mnafikiri walimtetea? Ndege Kanga alisema, "Shoga, nawe umezidi. Chakula cha bure, unachagua?" Digidigi alisema, "Mimi nilikuwa sipendi kunde, nikajizoeza." Kobe, mzee mzima, mwenye miaka ya kutosha kujua kuwa kutopenda si kudhurika, alisema, "Kula polepole tu, mwanangu. Polepole haidhuru." Kila mmoja alikuwa tabibu. Wewe uliyekaa nyuma unayemnong'oneza mwenzako kwamba kidogo tu haidhuru, nimekusikia. Subiri.

Ijumaa jembe likapumzika. Jumamosi, ambayo ni siku ya tano ya kulima, Nyani akamwita Sange kando, akiwa na uso wa huruma aliouazima nisikokujua.

"Bibi Sange, nimekufikiria sana. Nimeamua kukupikia chakula maalumu. Kunde tupu. Hazina karanga, hazina mafuta, hazina chumvi."

"Mungu akuzidishie, Bwana Msimamizi."

"Ila chakula maalumu ni ngwe tatu."

"Ngwe tatu? Mwenye kunde na karanga analima ngwe moja, nami mwenye kunde tupu nilime tatu?"

"Ndiyo maana kinaitwa maalumu."

"Lakini umepunguza, Bwana. Hukuongeza kitu."

"Kupunguza nako ni kazi," akasema Nyani.

Mnasikia? Kilichopunguzwa vitu kimepandishwa bei. Nami nimeishi miaka mingi, nimesikia hoja za kila aina, na hoja hiyo bado naikuta ikitembea barabarani, imevaa viatu.

Sange angefanya nini? Watoto walikuwa wakinyonya, na maziwa yalikuwa yakipungua. Akalima ngwe ya kwanza, ku! ku! ku! Akalima ya pili, ku! ku! Akalima ya tatu, ku… ku… Jua lilikuwa limekaribia utosini alipofika chunguni. Nyani akaingiza upawa katika chungu cha karanga, akampakulia Kobe. Upawa uleule, bila kuufuta hata kwa jani, akauingiza katika kijungu cha kunde tupu, akampakulia Sange.

Pua ya Sange ilikuwa imejaa vumbi la ngwe tatu. Hakunusa. Alikula funda moja.

Hiii. Hiii. Midomo ikavimba kama kunde zilizolowekwa. Macho yakafumba. Akaanguka kando ya kifuu chake, na pumzi yake ikawa ndogo kama uzi. Nungunungu ndiye aliyemburuta hadi kivulini na kumlaza ubavu. Na Nyani? Nyani alikitazama kifuu, akasema, "Basi hakitaki huyu," akakila.

Jumapili yote Sange alilala chini ya gogo bila kulima, bila kula, na watoto wakanyonya ngozi. Jumatatu akaweza kusimama. Akalima ngwe moja kwa shida, akaenda kwa Nyani.

"Bwana Msimamizi, nakuomba jambo moja, nalo halina gharama. Chonga upawa wa pili."

"Upawa wa pili! Kwa ajili ya mnyama mmoja asiyejaza kiganja?" Nyani akawageukia wengine. "Jamani, nani mwingine hapa anadhurika na chakula? Anyoshe mguu!"

Hakunyosha mtu.

"Umeona, mama? Ni wewe peke yako. Ngwe tatu zipo palepale, kunde zipo palepale. Ukitaka njoo, usipotaka niachie."

Sange akaondoka. Lakini Sange ni mnyama wa kutazama, na alikuwa ametazama. Pale Nyani aliposema "anyoshe mguu", mguu wa Kobe ulitoka nusu nje ya gamba, kisha ukarudi ndani.

Jumanne alimfuata Kobe.

"Babu, shikamoo. Wewe una nini?"

"Marahaba. Mimi? Sina kitu."

"Babu."

Kobe akatazama kulia, akatazama kushoto, jambo lililomchukua muda. "Ni uji wa maziwa," akasema. "Kila ninapounywa, tumbo linapiga ngoma. Buru-buru-buru! Silali. Lakini nikisema, nitaambiwa ngwe tatu. Na mimi ngwe moja tu inanimalizia asubuhi nzima."

"Na asubuhi hii?"

"Nimeunywa. Ngoma inapigwa sasa hivi, sikiliza."

Sange akasikiliza. Ni kweli, ilikuwa inapigwa.

"Babu, leo ni mimi na wewe. Kesho kutwa Nyani atapunguza chumvi, atasema aliyezoea bila chumvi alipe. Kila atakachokitoa chunguni atakiuza. Nisaidie neno moja tu. Desturi inasema asiyetaka kifuu chake anaulizwa sababu?"

"Haulizwi."

"Na msimamizi anakila wapi?"

"Palepale. Kabla jua halijafika uto…" Shingo ya Kobe ikatoka yote nje ya gamba, jambo ambalo halikuonekana tangu ujana wake. "Tupo wangapi tunaolima, mwanangu?"

"Thelathini na mmoja, Babu."

"Lo!"

"Sasa, tatizo ni kwamba hakuna atakayekubali kukaa na njaa kwa ajili yangu. Sikuwaomba hilo, na sitawaomba. Njoo tumwone Nungunungu."

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaposinzia. Porini palikuwa na chakula, nacho hakikuwa cha mtu. Chini ya ardhi mlikuwa na viazi vya porini, vinene kama paja. Lakini majani yake yalikuwa yamekauka, hakuna aliyejua vilipo. Sange alikuwa na pua ya kuvigundua ila hakuwa na kucha za kuvichimba. Nungunungu alikuwa na kucha, ila pua yake haikutambua kitu zaidi ya Nungunungu mwenyewe. Basi mmoja akanusa, fnyu, fnyu. Mwingine akafukua, kwaru, kwaru. Kobe akabeba mgongoni. Wakachuma na mlenda uliojiotea mwambani. Wakatwaa chungu cha zamani cha Nungunungu, wakakisugua kwa mchanga, wakakisugua kwa majivu, Sange akakinusa. Wakakisugua tena. Sange akakinusa tena, akasema, "Sasa." Wakakificha nyuma ya kichuguu.

Kisha Sange akapita kwa kila mnyama, na kwa kila mnyama alisema maneno yaleyale: "Kesho usikipokee kifuu cha Nyani. Nyuma ya kichuguu kuna viazi, vya moto, ngwe ileile moja. Ukiulizwa, taja lolote utakaloliona mwilini mwako."

Kanga aliuliza, "Viazi vina mlenda?"

"Vina mlenda."

"Shoga, mimi nilikuamini tangu mwanzo."

Haya. Ndiyo tumefika Jumatano, saa tano na robo. Mliona umuhimu wa kuijua saa?

Chungu kikaepuliwa. Nyani akapakua vifuu thelathini na kimoja, akavipanga, vyote vimejaa karanga mpaka ukingoni. Akapiga upawa chunguni: kong! kong!

"Sange! Ngwe tatu, au uniachie?"

"Nakuachia, Bwana Msimamizi."

Nyani akakivuta kifuu. "Kobe!"

"Nakuachia."

"Na wewe? Una nini?"

"Sipaswi kuulizwa," akasema Kobe, "lakini kwa heshima yako nitajibu. Karanga ziliniotesha gamba. Zamani mgongo wangu ulikuwa laini."

Nyani akakodoa macho. "Kanga!"

"Nakuachia, Bwana wangu. Zinanitoa madoadoa. Tazama! Mwili mzima!"

"Umezaliwa nayo!"

"Mama alikula karanga akiwa na mimi tumboni."

"Nungunungu!"

"Zinanisimamisha nywele. Hazijalala tangu mwaka juzi."

"Twiga!"

"Nilivimba shingo," akasema Twiga kutoka juu, "ikavimba kwa kwenda juu."

"Fisi! Wewe Fisi unakula hata viatu!"

"Viatu vinanikubali, Mzee," akasema Fisi. "Karanga zinanichekesha. Hii-hi-hi-hi! Umeona? Nimezinusa tu."

Digidigi zilimvimbisha macho. Pundamilia alijikuna mpaka ikabaki michirizi. Hata Kindi, ambaye mkononi mwake mlikuwa na karanga na mdomoni mwake mlikuwa na karanga, alisema kwamba zinamfanya asitulie. Mmoja baada ya mwingine, mpaka wa thelathini na moja. Mbele ya Nyani vikasimama vifuu thelathini na kimoja, na kivuli cha kichuguu kilikuwa kimepungua.

"Mnanichezea," akasema Nyani.

"Hatuchezi, Bwana Msimamizi," akasema Sange. "Tunakuachia. Ni desturi. Jua lile pale."

Nyani alitazama jua. Alitazama vifuu. Kisha, kwa kuwa hakuwahi kushindwa kula, akacheka. "Haya! Kumbe mmenipa sikukuu!"

Akaketi. Kifuu cha kwanza, gubu! Cha pili, gubu! Cha tano, gubu! Wanyama wakaanza kutazamana. Cha kumi, gubu. Cha kumi na mbili, gu… bu. Tumbo likang'aa. Cha kumi na tano, akalegeza mgongo. Cha kumi na nane, akalegeza macho. Cha ishirini, akakitazama kifuu muda mrefu, kama mtu anayesoma barua yenye habari mbaya.

"Kidogo tu, Bwana," akasema Sange. "Haziui."

Cha ishirini na moja hakikwenda tumboni. Kilikwenda katika shavu la kulia. Cha ishirini na tano nacho shavu la kulia. Cha ishirini na sita, shavu la kushoto. Mifuko ikajaa, uso wa Nyani ukawa mpana kuliko mabega yake. Lakini alikuwa anasonga mbele! Cha ishirini na tisa. Cha thelathini. Kanga akafunika macho kwa bawa, kwa maana iwapo Nyani angefaulu, kesho kila mnyama angelipa ngwe tatu. Cha thelathini na moja! Akakigeuza kifuu chini juu, pa!, na kivuli cha kichuguu kilikuwa bado na upana wa kidole. Akanyanyua mikono.

Pua ya Sange peke yake ndiyo iliyokuwa ikisogea.

"Hongera, Bwana Msimamizi," akasema. "Sasa tushukurie jembe."

Nyani akatikisa kichwa.

"Hatukusikia, Bwana."

"Mm-mm-mm," akasema Nyani.

"Kwa sauti ya kusikika. Ndivyo walivyosema mababu. 'Nimekula, nimemaliza…'"

Kivuli kikasogea. Nyani akatazama kivuli, akawatazama wanyama, akafumba macho, akafungua kinywa kusema "Nime…"

Bwaaa!

Karanga zikamtoka kulia, karanga zikamtoka kushoto, kifuu baada ya kifuu, zikamwagikia kifuani, zikamwagikia miguuni. Jua likasimama utosini. Kobe, aliyekuwa karibu kuliko wote kwa kuwa ndiye aliyeanza kusogea mapema, akautwaa upawa na kumkabidhi Sange. Wengine hawakuona makabidhiano hayo. Walikuwa wameshafika nyuma ya kichuguu.

Siku ileile Sange alichonga upawa wa pili na wa tatu. Mmoja wa karanga kwa wanaozipenda, mmoja wa maziwa, mmoja usio na kitu. Ngwe moja kwa kifuu, chochote kilichomo na chochote kisichomo. Gharama ya pawa hizo mbili ilikuwa tawi moja kavu. Maziwa yake yalirudi siku ya Ijumaa, na watoto wakalala.

Fundisho la hadithi hii ni hili: chakula cha ujima hakichaguliwi. Ukipewa kula, kilichomo usikiulize, na kidogo tu hakijapata kumdhuru mtu. Nimelitoa kama nilivyolipokea. Lichukueni kwa mikono miwili, mkalizike mbali na chungu.

Chungu nimekiepua, moto nimeuzima. Ukoko ni wa aliyesikiliza.

Yapo yanayosemwa, na yote si kweli. Wanasema ilikuwa Ijumaa. Ijumaa hakuna aliyelima, sasa hivyo vifuu thelathini na kimoja vingetoka wapi? Wanasema aliyefanya hila hiyo ni Sungura. Sungura hakuwapo, na imetosha kumpa yeye kila kazi ya wengine. Wanasema Nyani alipasuka. Hakupasuka, alilala siku tatu. Wanasema pia kwamba siku ya nne alikuja na kifuu chake, harufu ya karanga ikimtia kichefuchefu, akaomba kunde tupu, na Sange akamtoza ngwe tatu. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa maana wanalisema huku wakicheka. Sange alimtoza ngwe moja, kama Kobe, kama Kanga. Alimpakulia kwa upawa usio na kitu. Na kabla ya kuuingiza chunguni aliuosha kwa majivu, akaunusa, akauosha tena, mbele yake, ili aone jinsi inavyofanywa.